Bonde Linaloishi kwa Rizevu

Kama umewahi kupanda boda usiku kati ya Mang'ula na Ifakara, hili utakuwa umekutana nalo. Pikipiki inakwenda freshi, halafu ghafla inakohoa. Taa ya mbele inafifia, mwili unavutwa mbele, unajikuta umemshika dereva shati. Dereva wala hageuki. Mkono wake wa kushoto unaachia usukani, unashuka chini ya tenki karibu na goti, vidole viwili vinapindua kitu ambacho wewe hukioni. Zinapita sekunde kama nne za kusikia vyura tu. Kisha injini inashika tena.

"Nimeweka rizevu tu, braza. Tunafika."

Mimi yalinikuta kipindi cha masika, na kweli tulifika. Kesho yake asubuhi nilikwenda kijiweni kwao kunywa chai, nikaanza kuangalia koki za pikipiki zilizopangwa pale. Zilikuwa kumi na moja. Tisa tayari zilikuwa kwenye rizevu, zimeegeshwa, asubuhi, hata abiria wa kwanza hajaja. Nikamuuliza mmoja wao, kijana wa kama miaka 23, mbona iko hivi? Akacheka.

"Kaka, hiyo nyingine mimi sijui hata inafanyaje kazi. Toka nimepewa hii chombo, koki iko hapo hapo."

Hilo jibu ndilo lililonifanya nianze kuchimba. Maana rizevu iliwekwa pale kama onyo. Sasa mtu anayeishi ndani ya onyo asubuhi mpaka usiku, yeye anaonywa na nini?

Tuanze na koki yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunapanda hizi pikipiki kila siku na hatujui. Ndani ya tenki, juu ya koki, kuna kimrija kimesimama wima. Koki ikiwa ON, petroli inaingilia kwenye mdomo wa juu wa kile kimrija. Mafuta yakishuka chini ya huo mdomo, hakuna tena kinachoteremka, kabureta inakauka, injini inakohoa. Ukipindua kwenda RES, unafungua tundu la pili, la chini kabisa ya tenki, na petroli iliyobaki inaanza kushuka. OFF inafunga zote mbili. Basi. Hakuna waya, hakuna taa, hakuna geji. Na hakuna tenki la siri! Watu kibao wanaamini rizevu ni katenki kadogo kamefichwa mahali. Ni mafuta yale yale, ila ni yale yaliyo chini ya mdomo wa mrija. Kwa pikipiki hizi za boda tunazozijua ni kama lita moja na nusu hivi, inategemea na modeli. Ukitembea kistaarabu, kilomita 40 kwa lita, una kama kilomita 60 za kutafuta sheli.

Na siyo kitu cha pikipiki peke yake. Volkswagen Beetle za zamani, ile gari ya mgongo wa duara, hazikuwa na geji ya mafuta kabisa. Chini kwa dereva kulikuwa na kimkono. Gari likianza kukohoa unakisukuma kwa mguu, unapata akiba ya kukufikisha. Geji ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 60. Yaani hata huko Ujerumani watu walikuwa wanaendesha kwa kusikiliza kikohozi.

Sasa njoo bondeni.

Ifakara ni mji wa baiskeli, mpaka leo. Kabla ya boda, pikipiki ilikuwa chombo cha mtu mwenye ofisi: padri wa misheni, mtafiti wa malaria (wale Waswisi waliweka maabara yao Ifakara mwaka 1957, ndiyo hiyo leo tunaiita Taasisi ya Afya Ifakara), au bwana shamba. Nilimpata mzee mmoja ambaye alikuwa bwana shamba upande wa Lupiro. Nilipomwamkia shikamoo na kumwambia nimekuja kuuliza habari za koki ya pikipiki, alinitazama muda mrefu kama anapima akili zangu.

Alichonieleza ni hiki. Petroli yake aliipimiwa ofisini kutoka kwenye pipa, lita kwa lita, na anasaini. Akitoka kwenda vijijini koki iko ON. "Ikikohoa, ninageuza. Hata kama nimebakiza kijiji kimoja. Ukiweka rizevu maana yake safari ya kwenda imeisha, sasa ni safari ya kurudi." Kwake yeye rizevu ilikuwa na maana moja tu: rudi nyumbani. Na iliwezekana, kwa sababu nyumbani kulikuwa na pipa.

Halafu pipa likakauka. Bei ya mafuta duniani iliruka mwaka 1973, ikaruka tena 1979, na katikati hapo nchi ikaingia Vita ya Kagera. Fedha za kigeni zikakata. Wazazi wetu wanaikumbuka ile amri ya Jumapili: ikifika saa nane mchana, gari binafsi marufuku barabarani. Kitu ambacho kilinishangaza nilipokaa na kukifikiria ni kwamba mafuta yalikuwa yanapita mkoani kwetu muda wote huo. Bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, linapita Morogoro tangu 1968 likipeleka mafuta Zambia. Mzee wangu wa Lupiro pikipiki yake ilikaa kwenye stoo na yeye akarudi kwenye baiskeli. "Miaka miwili nzima nilikuwa naifuta vumbi tu," alisema. "Nilikuwa naogopa panya wasile kiti."

Mwaka 1976 yalitokea mambo mawili ambayo hayakujuana. Julai, TAZARA ilikabidhiwa rasmi, na Ifakara ikawa mji wenye treni. Mwaka huo huo kule Japani Honda wakaingiza sokoni CG125. Hii pikipiki waliibuni kwa ajili ya nchi kama zetu, baada ya kuona watumiaji wa huku wanaibebesha mizigo mizito na service ni ya kubahatisha. Injini rahisi, ngumu, haidai sana. Baadaye viwanda vya China vikainakili kwa wingi, na zile pikipiki zilizomwagika Tanzania miaka ya 2000, akina T-Better na SanLG, ukoo wao ni huo. Kila moja ilikuja na koki yenye ON, OFF na RES, kama ya mjomba wake wa 1976.

Ila aliyeipokea siyo bwana shamba mwenye pipa.

Jina bodaboda lilitoka mpakani, Busia, Kenya na Uganda, kwa vijana waliokuwa wanavusha watu kwa baiskeli "border to border". Kwetu biashara ilianza kienyeji, polisi wakakimbizana nayo wee, mpaka mwaka 2010 kanuni zikatoka za kutoa leseni kwa pikipiki na bajaji kubeba abiria. Kwa bonde lenye mchele, miwa na barabara za udongo mweusi unaonata kama ugali, boda ilikuwa jibu. Vijiji vya Mbingu, Mngeta, Chita mpaka Mlimba, basi lilikuwa likipita kwa neema ya Mungu. Boda inapita mpaka kwenye tuta la jaruba.

Hapa ndipo mfumo unapobadilisha kila kitu. Pikipiki ni ya tajiri. Wewe unampelekea hesabu kila siku, elfu saba, wengine elfu kumi, au uko kwenye mkataba, unalipa mpaka chombo kiwe chako. Mafuta ni juu yako. Hesabu inakwenda hata kama mvua imenyesha tangu alfajiri. Jioni unaweza kuambiwa leta pikipiki, au deiwaka anaichukua usiku, au inalala mahali ambapo vijana wana mpira wa kunyonyea. Petroli uliyoacha kwenye tenki siyo yako tena. Sasa niambie, nani mwenye akili timamu atajaza tenki?

Kwa hiyo unaweka ya buku mbili. Unapata abiria wawili, unaweka tena ya buku mbili. Hapa piga hesabu na mimi. Chukua rizevu ya lita moja na nusu. Tenki likiwa tupu, lazima uweke zaidi ya lita hiyo moja na nusu ndipo mafuta yaufikie ule mdomo wa juu wa mrija. Mwaka 2011 petroli ilikuwa kwenye elfu mbili na ushee kwa lita. Ili koki yako ifanye kazi ya kukuonya, ulihitaji kuweka zaidi ya elfu tatu kwa mkupuo. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipopeleka lita juu ya elfu tatu, ukahitaji zaidi ya elfu nne na nusu. Na hiyo ni pamoja na ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ambayo serikali ilianza kuitoa Juni mwaka huo. Mtu wa buku mbili huo mrija hajawahi kuufikia. Kwake ON ni sawa na OFF. Yule kijana wa kijiweni hakuwa mjinga hata kidogo: kwenye maisha yake hiyo nafasi ya koki haina kazi. Ya jana usiku kwangu ilikohoa na kuendelea kwa sababu dereva wangu mchana alipata mteja wa mbali, akaweka ya msimbazi mzima. Nilipanda boda ya tajiri bila kujua.

Na bei hizo ni za mjini. EWURA ilianza kutangaza bei kikomo mwaka 2009, na ukisoma ile orodha ya kila mwezi utaona kila mji una namba yake, Dar chini, Morogoro juu kidogo, Ifakara juu zaidi, na ukiingia ndani kuelekea Mlimba inapanda tena. Kadiri unavyokuwa mbali na bandari, ndivyo onyo linavyokuwa ghali. Tena hapo nazungumzia pampu. Kijijini kuna chupa. Ile ya maji ya lita moja na nusu, imejazwa petroli, imesimamishwa juu ya kiti mbele ya genge pembeni ya nyanya. EWURA wanaikataza, na miaka ya karibuni wamelegeza masharti ya kujenga sheli vijijini ili chupa ziishe. Ziko bado. Saa tano usiku pale Mngeta huulizi leseni ya mtu, unashukuru kwamba kaamka.

(Kuhusu neno sheli: ni ile kampuni ya Shell. Hata kama kituo kina jina la tajiri wa Ifakara ukutani, sisi tunasema sheli.)

Chupa ina historia yake chafu. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo sana, kwa hiyo yakawa yanachanganywa kwenye dizeli na petroli. Hapo ndipo neno kuchakachua lilipopata umaarufu nchi nzima, na ulipofika uchaguzi wa 2010 likahama kutoka kwenye mafuta likaenda kwenye kura, mpaka leo halijarudi. EWURA mwaka huo wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwakamata, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Agosti 2011 bei kikomo iliposhushwa, makampuni yakagoma kuuza, sheli zikafunga pampu. Waliokuwa na tenki zilizojaa walisubiri wiki. Waliokuwa kwenye rizevu walipaki siku hiyo hiyo, na hesabu ya tajiri ikaendelea kusoma.

Nije kwenye mto. Kabla ya daraja, ukitoka Ifakara kwenda Lupiro na Mahenge ulikuwa unavuka Kilombero kwa kivuko. Kivuko kina masaa yake. Jua likizama, biashara ya ng'ambo imekwisha, na dereva wa boda alijua kabisa mwisho wake ni ukingoni. Januari 2016 kivuko kilizama kwa upepo na mvua kubwa, na watu wa bonde wanaikumbuka hofu ile. Mei 2018 likazinduliwa daraja, mita 384, linaitwa Daraja la Magufuli. Raha tupu, sitaki kusema vingine. Lakini madereva wenyewe waliniambia kitu ambacho sikukitegemea: mto ulikuwa unawasimamisha. Sasa mteja anakuja saa nne usiku anataka Lupiro, wengine Mahenge kabisa, karibu kilomita 70 na mwisho wake ni mlima, na wewe kwenye tenki una buku mbili. Huwezi kusema hapana. Nauli ya usiku ndiyo hesabu ya kesho.

Ndiyo maana wanajua mambo ambayo kitabu cha pikipiki hakiyasemi. Tenki limekaa juu ya fremu kama tandiko juu ya punda, lina mabawa mawili, na koki iko bawa moja tu. Mafuta yakikaribia kuisha, bawa la pili linabaki na kadimbwi ambako hakafiki kwenye koki. Unalaza pikipiki upande wa koki, karibu iguse chini, kinahamia. Unapata kilomita kadhaa za bure. Kingine: kabla hujaamini kwamba imekata, fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia fsss, mafuta yapo, ni tundu la hewa limeziba tope. Na kipindi cha masika, petroli ya chupa ikiwa na maji, yale maji yanakaa chini kabisa, jirani na lile tundu la rizevu. Mwenye tenki nusu hasumbuliwi sana. Mwenye buku mbili ndiye anayeyanywa.

Kuna sehemu nilitaka kuiruka. Tarehe 10 Agosti 2019, Jumamosi asubuhi, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro mjini, karibu na stendi ambapo sisi wote wa Ifakara tunapandia basi. Watu walikimbilia na madumu. Likalipuka. Walikufa zaidi ya 100, na wengi miongoni mwao walikuwa bodaboda. Nakumbuka mitandaoni wiki ile, "tamaa", "tamaa", "tamaa", watu wa Dar wenye tenki za kujaza kwa kadi ndio walikuwa wakali zaidi. Dumu la lita 20 wakati ule lilikuwa elfu arobaini na kitu. Kwa mtu ambaye hajawahi kuona mafuta yakifika kwenye mdomo wa mrija, hizo ni siku nne, tano za hesabu zinamwagika kwenye mtaro mbele ya macho yake. Sisemi ilikuwa sawa kwenda. Nasema neno tamaa ni la mtu anayezidisha, na wale wengi wao walikuwa hawajawahi hata kujaza.

Kijiweni Ifakara, nilipowauliza kuhusu siku ile, kelele zilikoma. Mmoja alisema alikuwa Morogoro kuleta spea, basi lake lilichelewa Mikumi. Hakuongeza kitu, na sisi hatukumuuliza.

Pikipiki mpya zinazoingia sasa, zile za sindano badala ya kabureta, hazina hii koki. Zina geji, au taa ya njano. Dar kuna za umeme tayari, zinakuambia asilimia kama simu. Nilimwonyesha yule kijana picha ya dashibodi ya moja, akaisogeza karibu, akaitazama vizuri.

"Hii itakuwa inawaka muda wote," alisema. "Nitabandika solatepu."

Halafu akanionyesha geji yake. Alikaa juu ya pikipiki, akaikumbatia kwa magoti, akaitikisa kushoto kulia mara mbili huku ameinamisha sikio. Ndani kukasikika kama mtu anasukutua.

"Buku na jero," akasema. "Kibaoni kwenda na kurudi."

Nikamuuliza kwa nini asiseme lita. Hakunijibu, kwa sababu mama mmoja alikuwa amefika na gunia dogo la mchele na mtoto mgongoni, anataka Minepa. Ng'ambo ya daraja. Kijana akachukua gunia akalifunga nyuma. "Karibu mama, shikilia hapa. Tutapita kwanza kwa mzee wa chupa, sekunde mbili tu." Akapiga kiki. Koki hakuigusa.